Kiti kitupu cha Amaravati: kwa nini wachongaji wa mwanzo hawakumchonga Buddha?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa sasa naishi London. Nilipotembelea British Museum niliona bamba la jiwe kutoka Amaravati, India, lililochongwa pande zote mbili. Upande mmoja kuna mti, chini yake kiti kitupu, na watu wanakiabudu. Upande wa pili, ambao ulichongwa miaka kama 300 baadaye, Buddha mwenyewe amesimama, mwili mzima. Je, mwanzoni ilikuwa haramu kumchonga, kama sisi Waislamu tusivyomchora Mtume wetu? Na rafiki niliyekuwa naye alisema Wahindi walifundishwa na Wagiriki kumchonga Buddha. Ni kweli?

JIBU: Asante, dada yangu. Katika mawe yote ya jumba lile umeangukia lile ambalo peke yake linabeba sehemu kubwa ya historia hii. Nikujibu kwa ufupi kwanza: hapana, hakuna ushahidi wa marufuku iliyowafunga Wabuddha wote. Na hapana, Wahindi hawakungoja Wagiriki ndipo wajue kuchonga mtu, ingawa kuna jimbo moja ambako mkono wa Kigiriki na wa Kirumi unaonekana bila kutafutwa. Sasa tuingie ndani.

Inabidi kwanza kujua michongo hii ilikaa wapi, kwa sababu jumba la makumbusho limeing'oa mahali pake na kuitundika kama picha ukutani. Ilikuwa mali ya stupa. Stupa ni kilima cha kujengwa, cha mviringo, kilichojazwa udongo, matofali au mawe, na ndani kabisa yamehifadhiwa mabaki ya Buddha au ya watawa wakubwa. Haina mlango wala ukumbi wa kuingia. Muumini huizunguka kwa miguu huku kilima kikiwa mkono wake wa kulia. Kuizunguka njia hiyo ya kutembelea kulijengwa uzio wa mawe wenye malango makubwa, na michongo mingi ya zama za mwanzo imo kwenye uzio na malango hayo. Kule Amaravati ikafunika hadi kilima chenyewe. Stupa kuu ya Sanchi, katikati ya India, ina kuba lenye kipenyo cha karibu mita 36. Ukiizunguka huioni michongo yote kwa mpigo. Unaipita moja baada ya moja, ubavuni mwako, kwa mwendo wa miguu.

Uzio wenyewe ni kioja. Ni wa mawe, lakini umeungwa kiseremala. Nguzo zimetobolewa matundu ubavuni, mawe ya mlalo yamechongwa ncha zikaingizwa humo, kisha juu yake yakalazwa mawe marefu kama boriti. Hakuna mwashi aliyezaliwa katika kazi ya mawe ambaye angejisumbua hivyo. Ni dalili kwamba nyuma ya mawe haya kulikuwa na karne nyingi za kazi ya mbao iliyokwishaoza, na mafundi walipobadilisha mali ghafi hawakubadilisha mkono. Katika vilima vya Barabar, jimbo la Bihar, kuna pango liitwalo Lomas Rishi, la karne ya 3 KK, ambalo uso wake umechongwa kwenye mwamba ukaiga nyumba ya mbao hadi ncha za boriti zinazochomoza. Zama hizohizo mfalme Ashoka alisimamisha nguzo ndefu za mawe zilizong'arishwa hadi zikawa kama kioo. Simba wanne wa Sarnath, walio leo kwenye nembo ya taifa la India, walikuwa kichwa cha mojawapo. Hiyo ilikuwa sanaa ya kifalme. Ninayoizungumzia mimi ni ya watu wengine, na ndiyo inayonivutia zaidi.

Twende Bharhut. Mahali hapa pako katika jimbo la Madhya Pradesh, na stupa yake ilipewa uzio wa jiwe la mchanga lenye rangi ya wekundu wa udongo, karibu mwaka 100 KK. Mwanaakiolojia Mwingereza Alexander Cunningham alipoikuta mwaka 1873, stupa yenyewe ilikuwa imekwisha: wanavijiji walikuwa wakibeba matofali na mawe yake kujengea nyumba zao. Sehemu kubwa ya uzio uliobaki ikapelekwa Kolkata, na mpaka leo imo katika Indian Museum. Bharhut ina kitu adimu: wachongaji waliandika juu ya mawe kile walichokichonga. Kwa hiyo hatubahatishi. Tunasomewa.

Kuna nguzo moja inayomwonyesha mfalme Ajatasatru akienda kumzuru Buddha. Chini yuko juu ya ndovu wake, amefuatana na wanawake wa nyumba yake, nao juu ya ndovu wao. Kisha ameshuka. Kisha amepiga magoti. Mbele yake kuna kiti chenye mwavuli juu, na chini ya kiti alama mbili za nyayo. Hakuna mtu kitini. Lakini maandishi ya mchongaji yanasema wazi: "Ajatasata anamsujudia Bwana." Halikuandikwa jina la kiti wala kumbukumbu, aliyeandikwa ni Bwana mwenyewe. Kwa hiyo kwa aliyechonga, na kwa aliyesoma, Buddha alikuwa amekaa pale.

Nguzo hiyohiyo ina mchongo mwingine ambao mimi sichoki kuutazama. Hadithi inasema Buddha alipanda mbinguni kumfundisha marehemu mama yake, kisha akateremka duniani kwa ngazi. Mchongaji ameweka ngazi katikati ya umati wa watu na miungu. Kwenye kipawa cha juu kabisa kuna alama ya unyayo mmoja, na kwenye kipawa cha chini kabisa unyayo wa pili. Basi. Safari nzima ya kutoka mbinguni imesemwa kwa nyayo mbili, na jicho lako ndilo linalomteremsha msafiri.

Sasa, suala la haramu. Naelewa kwa nini umelifikiria, kwa sababu kwetu Pwani mtu akiona picha iliyoepukwa, neno la kwanza linalokuja ni hilo. Lakini tazama mawe yaleyale. Yamejaa miili. Kuna wafalme, watawa, wanawake, wacheza ngoma, wezi, miungu ya miti, majoka yenye miili ya watu na vichwa vya nyoka vilivyotanda juu ya utosi. Na si hao tu: Buddha mwenyewe amechongwa, mradi ni katika maisha yake ya awali. Wabuddha huamini kwamba kabla ya kuzaliwa mara ya mwisho aliishi mara nyingi, mara akiwa mtu, mara akiwa mnyama. Bharhut kuna duara ambamo ni swala anayemwokoa mtu asizame mtoni, na jingine ambamo ni mfalme wa nyani anayejinyoosha kati ya miti miwili ili nyani wenzake wavuke juu ya mgongo wake. Sanchi, kwenye boriti ya chini ya lango la kaskazini, ni Vessantara, mwana wa mfalme, anaonekana waziwazi kwa mwili wake, akigawa mali yake, ndovu wake, farasi wake, na mwishowe watoto wake. Hata usiku mama yake alipoota mimba, mchongaji wa Bharhut ameonyesha ndovu akishuka juu ya kitanda, ndovu mzima na pembe zake, na vijakazi wamekaa chini wakisinzia. Kinachokosekana ni mwili mmoja tu, wa maisha yale ya mwisho. Marufuku ya picha haikati wembamba namna hiyo.

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba neno la katazo halimo kabisa katika vitabu. Limo. Katika kanuni za watawa wa madhehebu ya Sarvastivada, zilizobaki kwetu kwa tafsiri ya Kichina, tajiri Anathapindika anamwambia Buddha kwamba kwa kuwa hairuhusiwi kufanya sanamu ya mwili wake, basi aruhusiwe kufanya sanamu ya bodhisattva, yaani Buddha mtarajiwa, na anaruhusiwa. Lakini hayo ni madhehebu moja kati ya mengi, na maandishi yenyewe hayatuambii wachongaji wa Bharhut walikuwa na kanuni gani. Hilo neno la bodhisattva liweke akilini, tutalihitaji baadaye.

Wataalamu wenyewe wamevutana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Alfred Foucher alieneza wazo kwamba kila alama ni badala ya Buddha: mti ni kupata kwake nuru, gurudumu ni hotuba yake ya kwanza, stupa ni kifo chake. Likawa kama sheria. Mwaka 1990 Susan Huntington aliuliza swali zuri: mnajuaje kwamba hiyo michongo si picha za mahujaji wa baadaye wakizuru mti wenyewe na kiti chenyewe kule Bodh Gaya, mahali Buddha alipopata nuru? Mwaka uliofuata Vidya Dehejia akajibu kwamba alama moja inaweza kubeba mambo mawili au matatu kwa pamoja: mahali, tukio, na mwenye tukio. Mimi niko upande wa Dehejia. Huntington alitusaidia kuacha kuona Buddha kila penye mti, lakini maandishi ya Ajatasatru yanamgomea, na farasi wa Sanchi nitakayemtaja punde anamgomea zaidi.

Basi kwa nini hawakuchonga mwili? Maoni yangu ni haya. Kwa Wabuddha wa mwanzo, mtu aliyefikia nirvana ametoka katika mzunguko wa kuzaliwa; hana tena sura ambayo angeshikiliwa nayo. Alichoacha ni mabaki yaliyomo ndani ya stupa, mti aliokaa chini yake, mahali alipopita. Muumini aliyekuja Bharhut alikuwa tayari yuko karibu na mwili wa Buddha, hatua chache kutoka kwake, umefukiwa katikati ya kilima. Kumchonga kwenye uzio kungemwongezea nini? Sanamu inahitajika zaidi pale ambapo mwenyewe yuko mbali.

Tuje kwenye mtindo, maana kichwani mwa wengi mawe haya ni "ya kizamani" na hayo yanaishia hapo. Mchongaji wa Bharhut hachimbi ndani. Umbo linatoka kidogo tu juu ya uso wa jiwe, kama limegandamizwa. Watu wanatukabili kifua wazi, nyayo zao zimegeuzwa ubavu, mikono iliyokutanishwa kwa kuomba imekaa bapa. Hakuna karibu wala mbali kwa namna tuliyoizoea. Aliye nyuma anawekwa juu ya aliye mbele. Na hakuna nafasi inayoachwa bure: penye pengo kuna yungiyungi, penye pengo dogo kuna jani.

Chukua duara la Jetavana ulitazame kwa makini. Anathapindika, tajiri yuleyule, alitaka kumnunulia Buddha bustani ya mwana wa mfalme aliyeitwa Jeta. Jeta akamwambia bei ni pesa za kutosha kuifunika ardhi yote. Kwenye mchongo, mkokoteni umefika. Ng'ombe wamefunguliwa, wamelala wakipumzika, na nira iko juu hewani. Mtu anapakua. Wengine wawili wamechuchumaa wanapanga sarafu chini, moja kando ya mwenzake, na sarafu ni za mraba, kama zilivyokuwa kweli sarafu za India za wakati ule, vipande vya fedha vilivyopigwa mihuri. Katikati anasimama Anathapindika na chombo cha maji, anamimina, kwa sababu kumimina maji ndiko kulikothibitisha zawadi. Pembeni majengo yamekwisha simama, na watu wamesimama kwa heshima, mikono imekutanishwa. Kupakua, kupanga, kukabidhi na kujenga, vyote katika duara moja, na Anathapindika anaonekana zaidi ya mara moja. Mchongaji hakusimamisha saa ili atuonyeshe dakika moja. Ametupa hadithi yote, akatuachia tuitembeze wenyewe. Huo si upungufu wa ufundi; mtu anayejua kuchonga nira iliyoinuliwa kwa usahihi ule angeweza kuchonga dakika moja kama angetaka.

Kwenye nguzo za uzio huohuo wamesimama wanawake warefu na wanaume wa kimungu, kila mmoja na jina lake. Mmoja anaitwa Chulakoka. Amekanyaga ndovu, mkono mmoja ameshika tawi juu, mkono na mguu mwingine vimeukumbatia mti. Hao si wa Kibuddha asilia. Ni mizimu ya miti na maji, yakshi na yaksha, iliyoabudiwa vijijini kabla ya Buddha na baada yake. Watawa hawakuwafukuza. Waliwapa kazi ya kulinda lango.

Sanchi, vizazi kadhaa baadaye, patasi imezama zaidi. Malango manne ya stupa kuu ni ya karne ya 1 KK, ingawa wengine huyasogeza hadi mwanzo wa karne ya 1 BK. Hapa umbo limetengana na jiwe, kivuli kinaanguka nyuma yake, na umati ni umati kweli, vichwa vinakingana. Kwenye lango la kusini kuna maandishi kwamba kazi hiyo ilifanywa na wachonga pembe za ndovu wa mji wa jirani wa Vidisha. Ukishalijua hilo unaelewa kwa nini mapambo ni madogomadogo na yamebanana: mkono uliozoea kipande cha pembe umepewa jiwe la mita kadhaa. Najua wasomaji wa Pwani watauliza kama pembe hizo zilitoka kwetu. India ilikuwa na ndovu wake, tusijipe sifa bila hati.

Farasi niliyemwahidi yuko lango la mashariki, boriti ya kati. Ni usiku ambao Siddhartha, mwana wa mfalme ambaye baadaye angekuwa Buddha, alitoroka kwao kwenda kutafuta ukweli. Kushoto ni mji, watu wamejaa madirishani. Farasi Kanthaka anatoka langoni, mgongo mtupu, lakini juu ya mgongo huo umeshikwa mwavuli, na miungu imezishika kwato zake zisitoe kishindo. Kisha farasi yuleyule tena, hatua kadhaa mbele, mwavuli juu. Kisha tena. Mwishoni, kulia, hakuna farasi: kuna nyayo mbili kubwa chini ya mwavuli, na mtumishi Chandaka amezipigia magoti. Chini yake farasi anarudi kuelekea mjini, na safari hii hana mwavuli. Hakuna hujaji hapo, wala mahali pa kuzuru. Ni mwavuli tu unaokuambia lini mtu yuko na lini ameshuka.

Nani alilipia yote haya? Si mfalme. Mawe ya Sanchi yamejaa maandishi mafupi ya mamia ya watoaji: watawa wa kiume na wa kike, wafanyabiashara, wake wa watu, vyama vya mafundi, vijiji vizima. Kila mmoja alitoa nguzo au jiwe moja la mlalo na jina lake likawekwa. Ufupi wa maandishi hayo ulitusaidia: mwaka 1837 James Prinsep alipokuwa anahangaika na herufi za Brahmi ambazo hakuna aliyekuwa anazisoma tena, aliona mistari ya Sanchi inaishia na herufi zilezile, akakisia kwamba ni neno la "zawadi". Alikuwa sahihi, na kwa ufunguo huo yakasomeka hata matangazo ya Ashoka.

Sasa jiwe lako. Amaravati iko kusini-mashariki, kando ya mto Krishna, katika Andhra Pradesh. Jiwe lake ni la chokaa, jeupe lenye ukijani kidogo, laini kwa patasi, na kwa sababu hiyo wachongaji wake waliweza mambo ambayo jiwe la mchanga lisingewakubalia: miguu myembamba mirefu, miili inayojipinda, watu wanaoanguka mmoja juu ya mwingine. Jiwe la namna hiyo lina hatari yake. Mtu wa Tanga anajua jiwe la chokaa likitiwa tanurini linageuka nini, na ndivyo mengi ya Amaravati yalivyoishia, kuchomwa yapate kupaka kuta. Mengine yalichukuliwa kujengea. Walter Elliot alichimba mwaka 1845, mawe yakapelekwa Madras, ambayo leo ni Chennai, mengi yakasafirishwa London mwaka 1859, na mengine yamebaki hukohuko Chennai.

Bamba uliloliona lilikuwa limefunika msingi wa kilima. Katika karne ya 1 KK walilichonga mti na kiti. Stupa ilipokarabatiwa na kupanuliwa katika karne ya 3 BK, wakalibandua, wakaligeuza, wakachonga mgongo wake: mchoro wa stupa yenyewe na uzio wake, na langoni Buddha amesimama kwa mwili. Usidhani waliugeuza upande wa zamani kwa sababu waliuona una kasoro ya dini. Jiwe zuri lilikuwa ghali, na mtindo ulikuwa umepitwa. Kule Amaravati kiti kitupu na Buddha mwenye mwili viliendelea kuchongwa bega kwa bega kwa muda mrefu. Na ile tabia ya hadithi nzima katika duara haikufa. Chennai kuna duara maarufu la ndovu Nalagiri aliyeleweshwa ili amuue Buddha: kushoto ameshika mtu kwa mkonga, watu wanakimbia, wanawake madirishani wameshikwa na hofu, kulia ndovu yuleyule amepiga magoti, na Buddha amesimama mbele yake, mtulivu, mwili wake unaonekana. Ufundi wa Bharhut umekutana na mwili uliokuwa hauchongwi.

Mwili huo ulitoka wapi? Hapo ndipo hoja ya rafiki yako inapoingia. Gandhara, yaani eneo la Peshawar, Swat na Taxila katika Pakistani ya leo pamoja na sehemu ya Afghanistani, lilipitiwa na jeshi la Aleksanda Mkuu, likatawaliwa na wafalme wa Kigiriki, kisha na Wakushan, watawala waliotoka Asia ya Kati, waliofanya biashara na dola la Roma. Wachongaji wake walitumia jiwe la kijivu lenye matabaka. Buddha wao ana nywele za mawimbi zilizofungwa juu, mara nyingine masharubu, na joho zito lenye mikunjo mirefu kama la mseneta wa Kirumi. Mlinzi wake Vajrapani wakati mwingine ni Herakles hasa, shujaa wa hadithi za Kigiriki, misuli na ndevu. Hadithi nazo zinakatwa vipande: kila tukio fremu yake, kutoka kuzaliwa mpaka kufa, na Buddha yumo katika kila moja. Kwa hiyo Foucher aliposema kwamba Buddha wa Gandhara ana damu ya Kigiriki, hakukosea. Alikosea alipofanya hiyo kuwa asili ya Buddha wote.

Mwaka 1927 mtaalamu Ananda Coomaraswamy alimjibu Foucher kwa kumwelekeza Mathura, kusini mwa Delhi. Huko, zama hizohizo za Wakushan, walichonga Buddha wa jiwe jekundu lenye madoadoa meupe, na hana Ugiriki hata chembe. Mabega mapana, kifua kimejaa pumzi, nguo nyembamba iliyogandamana na mwili, bega la kulia wazi, kiganja kimeinuliwa kutuelekea. Anayetaka kujua babu yake ni nani amtazame yaksha wa Parkham, sanamu ya zaidi ya mita 2.5 iliyoko katika jumba la makumbusho la Mathura, ya karne kadhaa kabla: kimo hicho, tumbo hilo, uzito huohuo wa kusimama. Mizimu iliyokuwa inalinda lango Bharhut ndiyo iliyompa Buddha umbo. Nani alitangulia, Gandhara au Mathura, watu wanaendelea kubishana, na mimi naona ubishi huo umekula muda mwingi kuliko unavyostahili. Sehemu mbili zilianza karibu wakati mmoja, kila moja na mafundi wake na desturi yake.

Linalonishughulisha zaidi ni jina. Mtawa aliyeitwa Bala alisimamisha sanamu kubwa huko Sarnath, katika mwaka wa 3 wa mfalme Kanishka, ambao kwa hesabu inayokubaliwa na wengi ni karibu 130 BK. Jiwe ni jekundu la Mathura. Lilisafirishwa mamia ya kilomita, pamoja na mwavuli wa jiwe wenye upana wa mita kama tatu. Sanamu ina joho la mtawa, haina mapambo, ukiiona utasema Buddha. Lakini maandishi yake yanaiita Bodhisattva. Vilevile ile ya Katra, Mathura. Unakumbuka ombi la Anathapindika? Huenda kwa baadhi ya watawa njia ya kupitia ilikuwa hiyohiyo: mwili unachongwa, jina linabaki nyuma hatua moja.

Ukipata nafasi ya kurudi pale, tafuta vichwa viwili, kimoja cha kijivu cha Gandhara na kimoja chekundu cha Mathura, uanze na nywele. Cha kwanza kitakuwa na mawimbi. Cha pili kitakuwa kichwa laini chenye fundo lililosokotwa kama konokono, au mizungusho midogo iliyopangwa kwa safu. Hiyo mizungusho ndiyo iliyoshinda, ikaenda hadi Sri Lanka, Java na Japani. Kisha uliza walinzi alipo mwanamke wa mti kutoka Sanchi, ambaye naye yuko katika jumba hilohilo. Mzunguke: alichongwa atazamwe na wanaoingia langoni na wanaotoka.